Tabora kwa Baiskeli: Njia Waliyoichora Wapagazi

Acha kila ulichoshika! Kama una baiskeli ya gia inayokula vumbi ukutani, itoe, ipeleke stesheni, iteremshe Tabora, ipige pampu, kisha uelekee kusini kutokea mtaa wa Chemchem kabla jua halijapata ukali. Nimezunguka Pugu na Kisarawe, nimeteremka Uluguru hadi breki zikanuka, Lushoto nimekanyaga pedali mpaka mapaja yakagoma, na sasa natamka bila kupepesa macho: hii ya Tabora imezipita zote. Na kichekesho ni kwamba baiskeli hizi zilibuniwa California miaka ya 1970 kwa ajili ya kuteremka milima, ilhali Tabora haina mlima wa kuteremka. Ina uwanda ulioinuka kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ina mchanga, ina misitu ya miombo isiyo na mwisho, ina mawe ya matale yanayochomoza porini bila taarifa, na ina njia. Njia! Ningekuwa na uwezo ningeiandika kwa herufi kubwa.

Nieleze vizuri, maana najua msomaji wa Dar ameshaanza kucheka. Ndugu yangu anayeishi Ufaransa hunitumia picha kila majira yao ya joto. Leo yuko kwenye mashamba ya mizabibu ya Burgundy, kesho yuko kwenye ukingo wa Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 uliofunguliwa mwaka 1681, amevaa miwani, nyuma yake mistari ya miti na maji yaliyotulia. Ninamwonea wivu, sikatai. Lakini angalia njia ile ya pembeni ya mfereji iliwekwa kwa ajili gani: farasi wapite wakivuta mashua kwa kamba. Ndiyo maana ni bapa, ndiyo maana haikatiki, ndiyo maana leo mtu na mkewe wanaweza kuendesha siku nzima bila kuhema. Ilikuwa njia ya kazi, kazi ikaisha, starehe ikarithi.

Nasi tuna yetu. Kwa zaidi ya nusu karne, kabla ya reli, watu walitembea kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kama kilomita 1,200, wamebeba mizigo begani na kichwani, na katikati ya safari hiyo, pale njia zilipogawana, moja ikienda ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini, palikuwa hapa: Unyanyembe, Kazeh, Tabora. Mizabibu? Ipo pia, kwenye njia hiyohiyo! Msafara ulipita Ugogo, na Dodoma ya leo, kuanzia Hombolo hadi Makutupora, inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Burgundy akilisikia atakaa chini. Ila Dodoma nitaiandikia siku yake. Leo ni Tabora.

Anzia Chemchem, basi. Si kwa sababu pana kibao cha kukuelekeza, hakipo. Anzia pale kwa sababu ni katikati ya mji, chai ya asubuhi inapatikana mapema, na mtaa mzima unakufundisha somo la kwanza: hapa baiskeli haijawahi kuwa mchezo. Wanafunzi wanapita wawili wawili, mmoja kwenye fremu. Mzee anapita na kuku watatu wamening'inia kwenye usukani, kimya, wamekubali yaishe. Kabla bodaboda hazijatawala, daladala ya Tabora ilikuwa baiskeli, keria ina mto wa sponji, abiria amekaa upande, na hata sasa utawakuta wachache kivulini wakisubiri. Baiskeli yangu ilipofika hapo na springi zake za mbele na breki za diski, iliangaliwa kwa heshima kidogo na mashaka mengi. Kijana mmoja aliizunguka, akaibonyeza springi, akauliza: "Kaka, hii keria yake iko wapi?" Haina. "Sasa inabeba nini?" Sikuwa na jibu la haraka.

Halafu miembe. Jamani, miembe! Mji mzima umewekwa chini yake. Barabara zina miembe pande zote mbili, matawi yamekutana juu, unaendesha ndani ya kivuli cha kijani huku jua likidondoka vipande vipande kwenye mikono yako. Wenyeji watakwambia mingi ilianza na watu wa misafara, kokwa zilizotupwa kambini au miche iliyopandwa na Waswahili na Waarabu waliojenga hapa, na ukifika Ujiji utaambiwa hivyohivyo kuhusu miembe ya kule. Ninachoweza kushuhudia mwenyewe ni kwamba ukitoka mjini, kila unapoona kundi la miembe mikubwa kwa mbali, kaza mwendo: chini yake kuna kijiji, au palikuwa na kijiji, na kwa kawaida maji hayako mbali.

Sasa chombo chenyewe, maana wapenzi wa vyuma wataniua nisipokisema. Nilikuwa na baiskeli ya mtumba, fremu ya alumini, gurudumu la inchi 26, tairi pana za inchi mbili na robo, gia za kutosha. Mchanga wa Tabora ni mtihani. Kuna ule mwekundu ulioshikana, mtamu, tairi linalia juu yake kwa raha. Kuna ule mweupe laini uliolala kwenye mabonde madogo, ukiuingia kwa kasi gurudumu la mbele linazama na wewe unaendelea na safari peke yako. Siri ni mbili. Ya kwanza, toa upepo. Tairi lililojaa linakata mchanga, tairi lililolegezwa kidogo linapanua nyayo na kuelea. Ya pili ni muhimu zaidi na haiuzwi dukani: tafuta mstari wa wauza mkaa.

Hawa watu wanastahili makala yao. Alfajiri wanaingia mjini wakitokea porini, Foniksi za inchi 28 zenye mabomba mawili juu, breki za nondo, magunia ya mkaa yamepangwa nyuma hadi kumpita dereva kichwa. Kwenye mchanga mzito wanashuka na kusukuma, kwenye ardhi ngumu wanapanda tena, na kwa kupita kila siku pale pale wamekaza ukanda mwembamba pembeni mwa barabara, upana wa kiganja na nusu, mgumu kama sakafu. Ukiweka gurudumu kwenye ukanda huo unapaa! Kulia mchanga, kushoto mchanga, katikati wewe na mwendo wa ajabu, unainama kukwepa tawi, unazunguka kichuguu, unapenya kati ya mitundu miwili, unatokea kwenye uwazi wa shamba la karanga, unaingia tena kivulini. Ukikutana na gunia la mkaa likija mbele yako, wewe ndiye unayetoka. Hilo halina mjadala. Yeye ana mzigo, wewe una miwani.

Na hapo ndipo jambo zima liliponijia, nikiwa katikati ya njia ya kwenda kijiji cha Kwihara, nikapiga kelele peke yangu porini. Misafara ile ilitembea mmoja nyuma ya mwingine. Mamia ya watu, mstari mmoja, mbele kabisa kirangozi na bendera yake, na kumtangulia kirangozi lilikuwa kosa la kutozwa faini. Barabara kuu ya biashara ya nchi hii katika karne ya 19, iliyopitisha pembe za ndovu, vitambaa, shanga na nyaya za shaba, ilikuwa kijia cha upana wa mtu mmoja. Kila mpagazi alibeba kama kilo 30, wakati mwingine zaidi, na mtu mwenye kilo 30 begani hapandi mwinuko mkali kwa ushujaa. Anauzunguka. Havuki bonde pale lilipo na kina, anatafuta kivuko. Mti ukianguka hauondoi, anauzunguka, na aliye nyuma yake anauzunguka vilevile, hadi kona inabaki pale hata baada ya mti kuoza. Kambi zinafuata maji. Unaelewa? Kote duniani vyama vya waendesha baiskeli vinalipa mafundi kuchimba njia za namna hiyo: nyembamba, zenye kona zinazotiririka, zisizo na mwinuko wa kuvunja moyo. Wanyamwezi walituchorea ya kwetu kwa nyayo, wakiwa na pembe ya ndovu shingoni!

Siapi kwamba kila kijia nilichopita ni kile kile cha misafara. Vijia huhama, mashamba hukata, mvua huchimba. Lakini mantiki ya mguu wenye mzigo haijabadilika, na wauza mkaa wanaiendeleza kila asubuhi.

Kwihara ni mwendo mfupi, kilomita chache tu kusini mwa mji, kiasi kwamba mwenye haraka anaweza kwenda na kurudi kabla ya chai ya saa nne. Usiwe na haraka. Vilima vya mawe vinaanza kuonekana, ardhi inakuwa nyekundu zaidi, kisha inatokea nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa: tembe la Livingstone. Lililopo limejengwa upya, kuta nene, mlango wa kuchongwa, uwanja wa ndani, na ndani yake kuna makumbusho madogo. Egemeza baiskeli, tafuta mwenye ufunguo, ingia. Ubaridi wa ndani baada ya jua lile ni zawadi.

Wapelelezi Burton na Speke waliingia Kazeh Novemba 1857, wakiongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, ambaye kwa maoni yangu alikuwa msafiri mkubwa kuliko wote aliowasindikiza. Stanley, akimtafuta Livingstone, alifika Kwihara Juni 1871 na kukuta njia ya Ujiji imefungwa: Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe na hakuna msafara uliopita. Stanley akalazimika kuzunguka kusini, mzunguko wa wiki nyingi, ndipo akampata Livingstone Ujiji. Wawili hao walirudi pamoja hapa Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka Machi. Mzee Livingstone akabaki katika nyumba hii akingoja wapagazi hadi Agosti, akaenda zake kusini, hakurudi tena akiwa hai.

Alirudi maiti. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga katika gome la mti na kitambaa, wakaubeba kutoka nchi ya leo ya Zambia, na Oktoba 1873 waliingia Unyanyembe. Hapa walimkuta Cameron, ofisa wa Kiingereza, akawashauri wamzike hapahapa. Wakakataa, wakaendelea na njia ileile hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Nilisimama uwanjani pale nikajaribu kuihesabu safari hiyo kwa pedali zangu, nikaacha.

Na lazima niseme, ingawa makala hii ni ya furaha: si wote waliopita hapa walikuwa wapagazi wa ujira. Pembe zilikwenda pwani, na watu waliotekwa nao walikwenda pwani, kwa kijia hikihiki, wakiwa hawana chaguo. Serikali yetu iliiweka njia hii mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mtu akipita hapa kwa baiskeli na kupiga kelele za raha, kama nilivyofanya mimi, ni haki. Akishuka Kwihara anyamaze kidogo, hiyo nayo ni haki.

Turudi njiani! Kutoka Kwihara usirudi kwa barabara uliyojia. Kata kuelekea Kipalapala, penye seminari na matbaa ya zamani ya wamisionari, kwa vijia vinavyopita mashambani. Kila unayekutana naye anasalimia. "Mwangaluka!" Unajibu "Mwangaluka!" na unaendelea, na mtoto mmoja kati ya kumi atakukimbilia hadi pumzi zimwishie. Utaona mabani ya tumbaku, yale majengo marefu membamba ya kukaushia, mengine yanafuka moshi, na harufu yake, tamu na kali, inakaa kwenye jezi hadi jioni. Hapo moyo wangu hupungua kasi kidogo, kwa sababu kila bani linakula kuni, na kuni ni msitu huuhuu ninaousifia. Mkaa nao vivyo hivyo. Njia nzuri imekazwa na watu wanaoimaliza miti yake. Sina ufumbuzi, naona tu.

Ndani zaidi msitu unajifunga. Mininga, miyombo, mitundu. Juu kwenye matawi mizinga imelazwa, ya magogo na ya magome, na ukisimama ukanyamaza unasikia uvumi wa nyuki kabla hujaiona. Asali ya Tabora ina sifa zake nchi nzima, lakini ile unayouziwa kwenye chupa ya maji kando ya kijia, nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi kwa mbali, ni kitu kingine. Huko Ulaya waendesha baiskeli hunyonya vipakiti vya sukari vyenye bei ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa na asali, karanga za kukaanga, na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikawa vigumu vya kutafuna. Tobolwa moja shavuni linakupeleka kilomita nyingi. Michembe, binamu yake asiyechemshwa, ihifadhi ukapikiwe jioni na karanga.

Sasa, mfereji wetu. Niliahidi mfereji? Reli ndiyo mfereji wetu! Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, na ilipofika, biashara ya wapagazi ikafa. Kando ya mataruma, katika sehemu nyingi, kuna kijia walichokikaza wanavijiji na mafundi wa njia wanaotembea kukagua reli. Ni bapa. Ni kirefu. Kinanyooka hadi macho yanachoka, kisha kinapinda polepole sana kwa sababu treni haijui kona kali. Nilikifuata kuelekea mashariki, upande wa Igalula, upepo ukiwa mgongoni, na nawaambieni, nilikuwa ninaimba. Onyo la kweli ni hili: kaa kwenye kijia cha wanavijiji, usiingie kwenye kokoto wala usivuke daraja la reli, na ukisikia honi, shuka na usogee mbali. Reli ya kisasa nayo inajengwa kupitia mkoa huu, kwa hiyo kuna sehemu ambako vijia vimekatwa na tuta jipya na utalazimika kuuliza. Kuuliza hapa ni raha, kila jibu linakuja na hadithi.

Njia ya kaskazini, ya bwawa la Igombe, nitaipitia haraka. Maji makubwa, ndege wengi, wavuvi, machweo ya kuvutia. Barabara yenyewe ni pana na ina malori. Nenda kwa ajili ya maji, usiende kwa ajili ya kuendesha.

Kasoro? Zipo, na ya kwanza ina pembe tatu. Mbigili! Kimbegu kidogo cha mmea unaotambaa, hukioni hadi usikie pssss. Fundi mmoja pale Ng'ambo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa spoku, alinifungua macho. Nilimwamkia, akaniitikia, akauliza kabila. Nikasema Mzaramo. Basi! Kwa wasiojua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na wazee wengi husema utani huo ulizaliwa kwenye misafara, wapagazi wa bara walipokuwa wakishuka pwani na kupita nchi yetu. Akalizamisha tyubu kwenye beseni, akatafuta mapovu, akapaka solusheni, akabandika kiraka, kisha akachukua tyubu kuukuu, akalipasua kwa urefu, akaliweka ndani ya tairi liwe bitana. "Mbigili haifiki hapo," akasema. Akanitajia bei. Nikashtuka, nikamwambia hiyo ni bei ya tairi zima.

"Mtani," akasema bila kuinua macho, "babu zangu walipokuwa wakipita kwenu na pembe, mliwatoza hongo. Mlidhani haitarudi?"

Nililipa. Bitana lile halijaruhusu mwiba hata mmoja tangu siku hiyo, na sijui kwa nini wauzaji wa vifaa vya gharama mjini kwetu hawalitaji.

Ya pili ni mbung'o, porini, hasa ukisimama. Huyu anauma juu ya nguo, na rangi za bluu na nyeusi zinamvuta, kwa hiyo ile jezi ya bluu unayoipenda iache nyumbani. Ya tatu ni maji ya kunywa: vijiji viko mbalimbali, jua ni la bara, beba zaidi ya unavyodhani. Na ya nne, iliyonikera kweli, ni kwamba hakuna alama. Hakuna kibao, hakuna ramani ya karatasi, hakuna jiwe lililopakwa rangi kusema hapa kijia kinakwenda Kwihara na pale kinakwenda Kipalapala. Ufaransa wameandika alama hadi kwenye kona ambazo hazina njia nyingine. Sitaki lami, Mungu apishe mbali! Sitaki kokoto wala ukingo wa saruji. Nataka vibao vidogo vya mninga, mshale na jina, na vijana wa daladala walioachwa na bodaboda wapewe kazi ya kuongoza wageni, maana hakuna aliyezijua kona hizi kuwazidi. Kirangozi apate kazi yake tena, na faini ya kumtangulia irudishwe.

Kuhusu majira. Mei hadi Agosti ni kukavu, asubuhi baridi ya kuvaa sweta, mchanga uko wazi. Septemba na Oktoba joto linapanda, lakini ndipo miombo inapochipua majani mapya kabla hata mvua haijanyesha, mekundu, ya kahawia, ya rangi ya shaba, msitu mzima, na mtu asiyejua angedhani majani yanakufa kumbe yanazaliwa. Huo ndio wakati wangu. Novemba mvua zinaanza na maembe yanaiva pamoja nazo. Mjini utakula hadi uchoke, ila mbuga za udongo mweusi zinakuwa gundi na utaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba wewe.

Nilichokionja ni kipande tu. Kuelekea magharibi bado kuna Usoke, Urambo alikotawala Mirambo hadi kifo chake mwaka 1884, Kaliua, kisha Uvinza yenye chemchem za chumvi iliyokuwa ikiuzwa mbali kabla ya pembe kuwa na bei, halafu mteremko wa kwenda ziwani, Ujiji. Kwa reli ni kama kilomita 400 hadi Kigoma. Kwa vijia, mwenye kujua aniambie. Kwenye treni baiskeli husafiri kama mzigo: kata stakabadhi yake mapema, fungua pedali, geuza usukani ulale sambamba na fremu, funga mnyororo kwa kitambaa usimchafulie mtu gunia lake la mchele. Tyubu kuukuu za bitana ninazo nne tayari, asali chupa mbili, na jezi ya bluu nimeshamgawia mtu.